Toki renchi kwenye pikipiki: tunayoambizana gereji na ukweli wenyewe

Wenye pikipiki na vespa wa Unguja na Pemba, na mafundi wetu pia, leo tuzungumze kuhusu toki renchi, ile spana ndefu inayolia tik ukifika kipimo ulichoweka. Siku hizi watu wananunua, lakini maneno yanayosemwa juu yake mengine si kweli, yanakata bolti za watu na yanaweza kumuangusha mtu barabarani.

Kubwa kuliko yote ni hili la "mkono wa fundi ndio toki". Mafundi wetu nawaheshimu sana, lakini hebu tupige hesabu. Bolti ya milimita 6, ile ya kava la injini tunayofungua kwa spana namba 10 au 8, Honda wanaiwekea kiwango cha kawaida cha kama Nm 10 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kwa spana ya sentimita 15 hiyo ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 7 hivi, basi. Nati ya ekseli ya nyuma ikitaka Nm 60, kwa spana ile ile utavuta kama kilo 40. Sasa mkono ule ule uliotoka kupambana na ekseli unakuja kwenye bolti ndogo iliyoingia kwenye alumini, utajuaje kama umefika 10 au ushapita 16? Spana zina urefu tofauti, mkono unachoka, na mtu aliyefunga saa kumi jioni Ramadhani hana mkono wa asubuhi. Alumini haina huruma, meno yakishatoka kwenye bloku unaanza kutafuta wa kukuchongea mengine, na hela yake si ndogo.

Wapo pia wanaoamini ukizidisha ndio salama zaidi, haitolegea. Bolti ikikazwa inavutika kidogo kama springi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vitu viwili pamoja. Ukiivusha mpaka wake inavutika moja kwa moja hairudi tena, na toka hapo huwezi kuiamini, pengine haikatiki siku ile, inakatika miezi miwili mbele uko njia ya Nungwi na mtu nyuma.

Sasa dhana ninayotaka tukae nayo khasa: "toki ikilia tik basi bolti imebana sawasawa". Si lazima. Toki haijui bolti imebana kiasi gani, inachopima ni ugumu wa kuizungusha. Na katika nguvu unayotia, kama asilimia 90 inaliwa na msuguano, karibu nusu chini ya kichwa cha bolti na nyengine kwenye meno, inayobaki ndiyo inayobana kweli. Tuangalie pikipiki zetu zinazolala nje Paje na Jambiani, upepo wa bahari usiku kucha, chumvi, ule mchanga mweupe. Fungua nati ya ekseli uiangalie kwa karibu, ndani ya meno utakuta unga mwekundu wa kutu umeshikana na grisi ya zamani na chembe za mchanga. Ukikaza hivyo hivyo toki italia kwenye 60, wewe unaridhika, kumbe nguvu yote imeishia kwenye kutu na ekseli haijabanwa inavyotakiwa. Kwa hiyo kwanza brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, kitambaa kikavu, mpaka nati ipande kwa vidole yenyewe, isipokuwa zile nati za kujifunga zenyewe ambazo lazima ziwe ngumu kidogo. Meno yakiwa yameshaliwa, nunua nati mpya, wala usijadiliane.

Hapo ndo mtu anasema basi natia grisi nyingi iwe laini. Hapana yakhe, umetoka kwenye shimo moja umeingia jengine, maana msuguano ukipungua bolti inavutika sana kwa kipimo kile kile, ukiweka 60 ni kama umezidisha mbali. Namba za kwenye kitabu cha pikipiki ni za meno safi na makavu, labda kitabu kiseme tia oili, kama inavyokuwa mara nyingi kwenye nati za silinda hedi, hapo utie na usiache. Plagi nayo, watengenezaji wake NGK wanasema usipake kitu kwenye meno. Kama unaogopa chumvi, paka grisi kwa nje ukishamaliza kukaza.

Kuhusu ile tik, wengi wanaipiga mara mbili tatu "kuhakikisha". Toki za kawaida hizi hazikuzuii kuendelea, zinakuambia tu umefika, kila tik ya ziada inaweza kuongeza. Shika katikati ya mpini, vuta polepole bila kuishtua, ikilia acha. Na kuipima nati iliyokazwa jana kwa kuigusa na toki hakukwambii mengi, kwa sababu nati iliyotulia ni ngumu kuianzisha, itakulilia tik hata kama iko chini ya kipimo. Ilegeze, ukaze upya.

Toki moja kwa pikipiki nzima? Haitoshi. Zile za nusu inchi (huo ni upana wa kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi) nyingi zinaanzia Nm 28 mpaka 210, sasa bolti ya Nm 10 utaipimia wapi? Na hata ndani ya kipimo chake, ile sehemu ya chini kabisa haiaminiki sana, iamini kuanzia asilimia 20 ya namba yake kubwa kwenda juu. Tafuta na ndogo ya robo inchi ya Nm 5 mpaka 25. Angalia na upande wa namba unaosoma maana nyengine zina futi-paundi ubavuni, kipimo chengine cha nguvu hiyo hiyo, 25 za futi-paundi ni Nm 34, bolti ya milimita 8 ambayo kawaida yake ni 22 haikubali hilo.

Usifungulie nati ngumu kwa toki, hata siku moja, tumia spana. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, usipitilize.

Na la mwisho, "ikiwa mpya ni sahihi milele". Kiwango cha kimataifa cha toki renchi, ISO 6789, kinataka ikapimwe upya kila miezi 12 au ikifika mikazo 5000, lolote litakalotangulia. Kwa jaribio la nyumbani, bana kile kichwa cha mraba kwenye vaisi, toki ilale sawa upande wa kukazia, halafu ning'iniza dumu la maji la lita 10 katikati ya mpini, tuseme ni sentimita 40 toka kichwani. Maji peke yake ni Nm 39, uzito wa dumu na wa toki yenyewe unaongeza 3 au 4 hivi. Ukiiweka 36 inatakiwa ilie, ukiiweka 50 isilie. Ikienda kinyume na hapo, usiiguse silinda hedi ya mtu mpaka ikapimwe kwa mashine.