Kiatu cha pwenti hakikunyanyui, unajinyanyua mwenyewe

Wengi wakiona binti wa baleti kasimama kwenye ncha za vidole, yaani pwenti, wanadhani ndani ya kiatu kuna mbao au chuma. Hakuna bwana. Ile boksi ya mbele ni kitambaa, gunia na karatasi vimeshikanishwa na gundi, na chini ya unyayo kuna kipande kigumu cha ngozi au kadibodi, jasho likiingia kinalegea, dansa wa kulipwa anaweza kuua pea nzima kwa shoo moja. Dansa Marie Taglioni alicheza baleti ya La Sylphide pale Paris mwaka 1832 na slipa laini za satini zilizoshonwashonwa uzi tu mbele, boksi kama ya leo hana, sasa nani alikuwa anambeba? Vigimbi vyake mwenyewe.

Eti mtoto akifika miaka 12 basi tayari kwa pwenti. Umri ni mlango tu, manake mifupa ya mguu bado inakua. Mwalimu makini anataka pia miaka kadhaa ya slipa laini, alafu anakupima: simama mguu mmoja, panda na kisigino mara 20 hivi, goti limenyooka, hujashika kitu. Umekwama ya nane? Rudi kwenye slipa, na hilo sio tusi.

Kuna hii ya "kunja vidole vishike sakafu", hii ndo inaniudhi kuliko zote. Ndani ya boksi vidole vinakaa virefu, vimenyooka. Nguvu inatoka kwenye vimisuli vidogo vya unyayo, kifundo, nyonga na tumbo. Keti kwenye kiti miguu peku, vuta shina la dole gumba kurudi kwa kisigino mpaka unyayo uinuke kama kuba, vidole visijikunje. Inaonekana rahisi eeh, subiri unyayo ukubane misuli ndo utanikumbuka.

Na kupanda juu sio kazi, kazi ni kushuka. Panda kwa hesabu moja, shuka kwa nne, ukijiachia puu hauna nguvu bado. Angalia pia mguu usipinde kama mundu, uzito ukaangukia upande wa kidole kidogo, hapo kuteguka ni dakika. Bana mpira wa tenisi katikati ya vifundo ukiwa unapanda na kushuka, ukidondoka mpira ushajua.

Kununua namba kubwa akulie humo, kama tunavyofanya viatu vya shule tukajaza karatasi mbele? Hapana kabisa. Mguu unazama ndani ya boksi na uzito wote unamalizikia kwenye dole gumba. Kujaza sponji nyingi nako hakusaidii, hausikii sakafu.

Wanaume hawapandi? Kundi la baleti la Les Ballets Trockadero de Monte Carlo la New York, wanaume watupu, wanapanda pwenti tangu 1974. Na watu wazima wanaanza pia, mifupa yao ishakomaa, ila mtihani wa visigino ni uleule, hakuna punguzo la uzee.

Ukishapita, siku ya kwanza ni dakika kumi tu mwisho wa darasa, mwili ushapata moto, miguu yote miwili, mikono miwili kwenye baa (ya kushikilia, sio ya bia), alafu unavua.