Sauti ya nne: sinthesaiza ya sauti sita niliyoilehemu Lamu

Noti tano zilitoka safi, ya sita ikatoka imeziba, kama mtu anayesema akiwa amejifunika shuka. Nikarudia. Tano safi, moja imeziba. Mwanzoni nilishuku kitufe kimoja cha kinanda kimekufa, lakini hata nilipogonga do ileile mara sita, mara moja kati ya hizo sita iliziba. Chombo kilikuwa na siku nne tu tangu nimalize kukilehemu hapa Langoni, mtaa wa Lamu, na kosa hilo lilinifunza mambo ambayo nisingeyajua iwapo kingewaka kizima siku ya kwanza.

Wengi wananiuliza kwa nini nihangaike kuunda sinthesaiza, chombo cha muziki kinachozaa mlio kwa umeme, ilhali vinanda vya harusi vimejaa madukani. Jibu limo ndani ya ile noti iliyoziba.

Sinthesaiza za zamani kama Minimoog ya mwaka 1970 zilitoa noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza vitufe vitatu, kimoja kinasikika. Si ubahili wa mtengenezaji. Kila noti inahitaji seti yake kamili, iitwayo sauti: osileta ya kuzaa mlio, kichujio cha kuukata au kuufungua, na amplifaya ya kuupandisha na kuushusha. Ukitaka noti tano kwa pamoja, unahitaji seti tano, na pia kitu cha kuamua noti ipi iende kwenye seti ipi. Prophet-5, iliyotoka mwaka 1978, ilifanya hivyo kwa kutumia prosesa ndogo ya Z80, chipu ya kompyuta, iliyosoma vitufe na kugawa sauti.

Ugawaji huo ni kama kuandalia wageni arusini. Una sinia sita. Mgeni wa kwanza anapewa ya kwanza, wa pili ya pili, mpaka wa sita. Akija wa saba na wote bado wanakula, aliyeketi mapema kuliko wote huinuka kumpisha. Chombo changu hugawa noti kwa zamu namna hiyohiyo, ndiyo maana kosa lilizunguka: kila zamu ilipofika kwenye sinia lenye kasoro, noti iliziba, bila kujali ni noti gani.

Chombo chenyewe ni Ambika, kilichobuniwa na Olivier Gillet wa Mutable Instruments, Ufaransa. Kampuni imeshafunga, lakini michoro ya bodi na programu viliachwa wazi, na yeyote anaweza kuagiza bodi tupu na kuvitumia. Kuna bodi mama yenye prosesa ya ATmega644P, na juu yake zinachomekwa kadi sita, kila kadi sauti moja. Kila kadi ina prosesa yake, ATmega328P, ileile inayopatikana kwenye Arduino Uno, bodi ya wanaojifunza elektroniki. Prosesa hiyo huzaa mlio kwa hesabu, kisha mlio hupita kwenye kichujio cha umeme halisi, cha rezista na kapasita, vijenzi vya kuzuia na kuhifadhi umeme. Chombo hakina vitufe vya muziki. Mimi nakiendesha kwa kinanda cha zamani cha harusi kupitia waya wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki hupelekeana noti, na lugha hiyo ya mwaka 1983 bado inaelewana na kila kitu.

Mpango huu wa hesabu mbele na umeme nyuma ndio ulionivutia. Noti za osileta za umeme mtupu huhama na joto, na Lamu mchana wa kaskazi ungetumia nusu ya muda wako kuzirudisha mahali pake. Osileta za hesabu hazihami. Ila vichujio havifanani kabisa: kapasita mbili zilizoandikwa namba moja zinaweza kupishana kwa asilimia kadhaa, kwa hiyo kichujio cha kadi ya pili hufunguka kidogo kabla ya kile cha tano. Bonyeza noti nne pamoja, fungua kichujio polepole, utasikia kila moja ikichomoza kwa wakati wake, kama waitikiaji wanne wanaojua wimbo lakini kila mmoja ana koo lake. Kwenye vinanda vya bei nafuu sauti zote zinapigiwa hesabu ndani ya chipu moja na zinafanana mno. Sikio langu linachoka nazo haraka.

Turudi kwenye kosa. Sauti sita ni kazi mara sita ya kulehemu, lakini pia ni msaada mkubwa wa kutafuta ubovu, kwa sababu una kadi tano nzima za kulinganisha. Nilizima umeme, nikahamisha kadi ya nne, niliyoishuku, mahali pa kwanza. Ubovu ukahama nayo, nikajua bodi mama iko salama. Kisha nikaziweka kadi ya tatu na ya nne ubavu kwa ubavu, nikawasha, nikashika mita.

Kichujio hufunguka kwa kuamriwa na volti. Kwenye kadi ya tatu, kila nilipozungusha kitufe cha kichujio, volti ilipanda pande zote mbili za rezista inayopeleka amri. Kwenye kadi ya nne ilipanda upande mmoja, upande wa pili ikabaki imelala. Nikachukua miwani ya kukuza. Mguu wa rezista ulikuwa umesimama katikati ya tone la lehemu la kijivu, lisilong'aa, lililojikunja pembeni kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Lehemu nzuri hutambaa, hupanda mguuni na kujitandaza. Hii ilikuwa imekaa tu, haijashika, maana nilipasha lehemu badala ya kupasha mguu na bodi. Fluksi kidogo, dawa ya kusaidia lehemu ishike, ncha ya chuma sekunde mbili, tone likazama na kung'aa. Nikawasha. Sita kati ya sita.

Kwa anayetaka kuunda chake ukanda huu, chumvi ndiyo adui mkubwa kuliko joto. Pini za kadi huota ukungu wa kijani wakati wa kusi, hivyo kila baada ya miezi miwili huzichomoa, nazisafisha kwa spiriti na kuzirudisha. Bodi zilizokamilika nazipaka vanishi, isipokuwa kwenye pini. Na umeme: Ambika haitaki adapta ya DC tuliyoizoea, inataka AC, umeme wa kwenda na kurudi, ya volti chache kutoka kwenye trafoma. Nilitafuta Mombasa, nikakosa, nikasukiwa trafoma na fundi. Usiilishe kutoka inveta ya bei ya chini. Umbo la wimbi lake ni la ngazi, trafoma itanguruma na mlio utaingia kwenye muziki.

Lakini kilichonifanya niagize bodi, zikaja na basi mpaka Mokowe, gati la bara, kisha mashua, ni tarabu. Kwenye menyu za Ambika kuna mahali pa kuchagua mizani ya sauti, paitwapo raga kwa kuwa mizani mingi ni ya Kihindi, ila nyingine ni za robo toni. Bayati, mojawapo ya mizani za tarabu kama ilivyo rasti, ikianzia re inahitaji mi iliyo katikati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni. Nikaichagua, nikampigia mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani aliyepiga udi maisha yake yote. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Mwanangu, bayati yako imepotea ndia,” akaniambia.

“Wapi, mzee?”

“Hapo pa mi. Ishushe. Hiyo ni ya rasti.”

Alikuwa sahihi. Robo toni ya hesabu ni katikati kamili, lakini masikio ya wapigaji huiweka mi ya bayati chini kidogo kuliko ya rasti. Ndani ya programu, nusu toni moja imegawanywa mara 128, na jedwali la robo toni linashusha mi kwa 64. Nikabadilisha namba moja ikawa 72, nikaitafsiri programu upya kwa lugha ya prosesa, nikaiweka kwenye kadi ya SD na kuiingiza. Kinanda cha dukani kisingeniruhusu nifike pale.

Nikarudi Mkomani. Safari hii mzee hakusema kitu mpaka kipande kikaisha, kisha akaniomba nipige tena, polepole, na huku nyuma nimshikilie re na la. Kilichobaki ni kuhama kutoka rasti kwenda bayati katikati ya wimbo bila kupekua menyu, mkono mmoja ukiwa kwenye vitufe. Nataka kanyagio la mguu lifanye kazi hiyo, na mistari ya programu nimeshaanza kuiandika.