Kubabua nyama hakuzibi maji yake
Waingereza wengi, kabla ya kuingiza nyama ya ng'ombe ya Jumapili kwenye oveni, huibabua kwenye kikaango chenye moto mkali wakiamini ganda la kahawia litafungia maji ndani. Imani hiyo ilienezwa na mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, katika miaka ya 1840. Si kweli. Sikiliza kikaango: ule mlio wa "shaaa" ni maji yenyewe yanayotoka na kugeuka mvuke, ganda likiwepo au lisiwepo.

Hata hivyo usiache kubabua, maana utamu uko hapo. Kuanzia nyuzi joto 140 hivi, protini na sukari za juu ya nyama huungana na kuleta ile harufu inayoita majirani. Ukavu ni suala jingine: hutokana na joto la ndani. Itoe ikifika nyuzi 52 hivi, uiache itulie dakika 20 kabla ya kukata.