Ukishashinda vita kwa watu, ndio kazi inaanza

Tangu tuanze hii kampeni ya sheria ya vita hapa Lubumbashi, swali ni lile lile: eti jeshi likishinda kwenye nchi ya wenyewe, si mali na utawala vinakuwa vyake? Hapana jamani. Tumejibu redioni, tumejibu kwenye komini za Katuba na Kenya hapa mjini, kesho yake mtu anapiga simu anauliza tena. Niseme mapema kabisa kwamba taasisi yetu haisemi kitu juu ya mapigano yanayoendelea sasa, kwa hiyo msinitafutie maneno huko.

Kanuni za La Haye za 1907 juu ya vita vya nchi kavu, kifungu cha 43, ziko wazi: jeshi likishika eneo la nchi nyingine, ni lenyewe linawajibika kurudisha utulivu na usalama wa raia, na kuheshimu sheria lilizozikuta, labda ishindikane kabisa. Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 unaongeza chakula, dawa na afya. Pilaje, yaani uporaji, ni marufuku. Wakihitaji kitu cha raia, tuseme mbuzi ama gunia la mahindi, kiwe cha mahitaji ya jeshi lililopo pale, kisizidi uwezo wa wenyeji, aidhinishe kamanda wa eneo na siyo kila askari mwenye bunduki, walipe keshi, na kama keshi haipo watoe risiti halafu walipe mapema iwezekanavyo. Ndiyo, risiti. Nikifika hapo watu wanacheka, lakini kifungu cha 52 ndivyo kinavyosema na mama akitunza hiyo karatasi ana ushahidi mkononi. Pilaje ni uhalifu wa kivita kwenye Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai: kifungo mpaka miaka 30 ama cha maisha, faini inaweza kuwekwa juu yake, na mali iliyotokana na uhalifu kunyang'anywa. Makosa hayo yameingizwa kwenye sheria yetu ya adhabu ya Kongo tangu Desemba 2015, asikudanganye mtu kwamba ni mambo ya Wazungu.

Sasa tuone walioshinda bila kujiandaa. Marekani ilichukua wiki tatu tu kufika katikati ya Baghdad, 9 Aprili 2003. Mji ukaporwa mchana kweupe, mpaka makumbusho ya taifa, huku wizara ya mafuta ikilindwa. Tarehe 22 Mei Baraza la Usalama likazitambua Marekani na Uingereza kuwa ndizo zinazokalia nchi, na wajibu wote unaofuata. Kesho yake Paul Bremer, aliyepewa kuongoza Irak, akavunja jeshi lote la nchi ile! Malaki ya wanaume wanaojua bunduki, hawana mshahara, hawana cheo. Sisi tuliopitia pilaje ya 1991, askari wetu wasiolipwa walipopora miji, tungewaambia bure askari asiyelipwa anafanya nini. Baadaye wakakubali kuwapa posho, lakini baadhi ya maofisa walishaenda upande wa waasi.

Na siyo Wamarekani tu. Tanzania ilikuwa na sababu ya kuingia Uganda, rais wa kule Idi Amin ndiye alivamia Kagera, eneo la Tanzania, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Yusuf Lule akakaa kiti cha urais siku 68 tu, akaja Binaisa, naye akatolewa Mei 1980, uchaguzi wa Desemba ukazaa malalamiko, na Februari 1981 Museveni akaanza vita vyake vya msituni.

Kwetu kuna Ituri, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1999 James Kazini, kamanda wa jeshi la Uganda huku, aliunda provensi ya Kibali-Ituri na kuteua gavana. Pengine aliona ni ushindi, ila mwaka 2005 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki waliitumia hatua ile ile kama ushahidi kwamba Uganda ndiyo ilikuwa inatawala pale, hivyo ilipaswa kuzuia hata maovu ya makundi mengine. Februari 2022 wakaamua ilipe dola milioni 325: 225 kwa watu waliodhurika, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka.

Hizo fedha zinalipwa kwa Leta, yaani serikali ya Kongo, haziji kwa mtu mmoja mmoja kutoka Kampala. Wahanga wanashughulikiwa na FRIVAO, mfuko wa serikali wa kugawa fidia hiyo, makao yake Kisangani. Sisi ni elimu tu, hatugawi hata franga moja, kwa hiyo tafadhali muache kusukuma dosie za fidia chini ya mlango wa ofisi yetu.