Je, wajua? Kijana wa rodeo hulipa kwanza, ndipo aangushwe na fahali

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kijana wa Marekani anayepanda fahali kwenye rodeo ya mji mdogo, yaani mashindano ya ufundi wa wachunga ng'ombe, analipwa. Sikumuuliza mtu, niliona tu inaingia akilini. Watazamaji wamekata tiketi, fahali ana kilo kama 700, mtoto ana miaka 16. Nani akubali kumpanda mnyama wa namna hiyo bure? Nikikumbuka na zile picha za mabingwa wenye kofia pana, wameshika hundi kubwa kama mlango, basi nikajua hawa ni kama wanamuziki wa harusini: wanaitwa, wanatumbuiza, wanapewa chao.

Nilikosea, na si kidogo. Kijana huyo hana ujira wowote, tena yeye ndiye anayelipa. Kabla hajakanyaga mchanga wa uwanja, amejiandikisha na kutoa ada kwa kila mchezo atakaoshiriki. Akitupwa chini sekunde moja kabla ya kutimiza zile 8 anazotakiwa kukaa mgongoni mwa fahali, hana alama, na ada hairudi. Katika rodeo nyingi, aliyejiandikisha asipotokea bila sababu inayokubalika, bado anadaiwa. Na msidhani ni utaratibu wa watoto tu. Hata wakubwa wa PRCA, chama cha wapanda rodeo wa kulipwa, hutoa ada ya kushiriki. Hilo neno "wa kulipwa" ndilo lililonipoteza.

Nilipojua hivyo nikaangukia kosa la pili: basi waandaaji wanawanyonya watoto! Hapana, si lazima. Ada hiyo, au sehemu yake kubwa, hurudi kwa washindani wenyewe ikiwa zawadi.

Historia yenyewe ni fupi. Jina rodeo linatokana na neno la Kihispania la kuzingira, yaani kukusanya ng'ombe waliotawanyika machungani, kazi ambayo wachungaji wa Meksiko waliifanya kwa farasi na kamba kabla Texas haijawa ya Marekani. Kazi ikazaa majigambo, majigambo yakazaa mashindano. Mwaka 1949 mashindano ya kwanza ya taifa ya wanafunzi wa sekondari yalifanyika Hallettsville, Texas, na mwaka huohuo chama chao cha taifa kikazaliwa. Mwanachama sharti awe anafaulu darasani, na wanne bora wa kila jimbo katika kila mchezo huenda fainali mwezi wa saba.

Sasa turudi kwenye pesa, maana hapo ndipo penye utamu.

Fikiria upatu, au mchezo kama wengine wanavyouita. Akina mama 20, kila mmoja anatoa chake, chungu kinajaa, mmoja anapokea. Mwezi ujao mwingine. Rodeo ni upatu uliovurugwa: mnatoa wote, lakini hakuna zamu. Anayepokea ni mwenye kasi, na anaweza kuwa yuleyule wiki tatu mfululizo huku wewe ukiendelea kutoa.

Tuweke namba, za mfano tu. Wasichana 20 wanashindana kumrushia ndama kitanzi shingoni huku farasi akiwa mbioni. Kila mmoja anaweka chunguni dola 50, mbali na makato ya ofisi na ya kukodi mifugo. Chungu kina dola 1,000. Tuseme kinagawanywa kwa nafasi sita, kwa asilimia 29, 24, 19, 14, 9 na 5. Wa kwanza anapata 290. Wa sita anapata 50, yaani ile ile aliyotoa, na mafuta ya gari kutoka kwao hayajahesabiwa. Kumi na wanne waliobaki wanarudi mikono mitupu.

Hakuna dola mpya hapo hata moja. Wazazi 20 wamebadilishana noti kwa msaada wa ndama.

Ndipo mji unapoingia. Duka la chakula cha mifugo, benki ya mtaani na fundi wa matrekta wanachanga, tuseme, dola 500. Chungu sasa kina 1,500: wa kwanza anachukua 435, wa sita 75. Hizi huitwa pesa za nyongeza, na ndizo pekee zinazotoka nje ya mifuko ya washindani. Kwa hiyo ukisikia mji fulani "unawasaidia vijana wake wa rodeo", usifikirie makofi. Uliza nyongeza ni kiasi gani. (Kila mji una kanuni zake. Kuna wanaolipa nafasi nne tu, na kwenye rodeo za shule zawadi mara nyingi ni tandiko, ufadhili wa masomo, au bizimu ya mkanda pana kama sahani ya kikombe.)

Jambo hili liliwahi kuzua mgomo. Mwaka 1936, kwenye rodeo ya Boston Garden, washindani waligundua kwamba zawadi zilizotangazwa hazifikii hata ada walizotoa wao. Wakakataa kupanda hadi ada ziongezwe kwenye zawadi, na wakashinda. Chama walichokiunda wakakiita cha Kobe. Maelezo yanayopendwa zaidi, ingawa jina la namna hii huvutia hadithi nyingi, ni kwamba walichelewa mno kujipanga, kama kobe, lakini hatimaye walitoa shingo nje, yaani walithubutu. Kobe hao ndio PRCA ya leo.

Kitu kingine kilichonishangaza ni nani anayetumia pesa nyingi zaidi. Ningeapa ni mpanda fahali. Kumbe fahali si wake, ni wa mwenye mifugo anayekodishwa kuja nao. Kijana anahitaji glavu, ulimbo wa kuifanya ishike, kofia ngumu, fulana ya kinga, na kamba yenye kengele chini. Kengele hiyo si pambo: uzito wake huivuta kamba idondoke mpandaji anapoachia. Fulana nayo ilienea baada ya Lane Frost, bingwa wa fahali wa sekondari mwaka 1981, kuuawa na pembe ya fahali huko Cheyenne mwaka 1989, akiwa ameshamaliza sekunde zake 8 na kushuka. Vyote hivyo vinaenea kwenye begi moja.

Msichana wa mbio za kuzunguka mapipa matatu, mchezo ambao hakuna mnyama anayejaribu kumtupa, ndiye mwenye mzigo. Farasi ni wake. Farasi mzuri anaweza kuuzwa bei ya gari jipya, anakula hata wiki zisizo na mashindano, anahitaji fundi wa kwato kila wiki sita hivi, na hasafiri bila trela, wala trela haijivuti.

Wachangiaji nao wana chao. Majina ya maduka yao huchorwa kwenye malango ya vizimba wanamotokea mafahali. Uwanja mzima unakodolea macho lango hilo, linafunguka, na kuanzia hapo hakuna anayesoma.