Rufaa ya mafao ya ulemavu: maana yake, na mlango wa kubisha ukiwa Kigoma

Kigoma neno rufaa tunakutana nalo kwanza hospitalini. Ukisikia fulani kapewa rufaa, unaelewa kwamba Maweni, hospitali yetu ya mkoa, wamefika mwisho wa uwezo wao na mgonjwa anapelekwa Bugando au Muhimbili, na ndugu wanaanza kuulizana habari za nauli. Wachache wanalikumbuka neno hilohilo siku wanapopokea barua ya kukataliwa mafao ya ulemavu, au barua ya kukubaliwa kwa kiasi kinachotia uchungu. Lakini maana haijabadilika. Jambo linatolewa kwa aliyeliangalia mara ya kwanza, linapandishwa kwa aliye juu yake. Na kama ilivyo hospitalini, hupandi bila karatasi, na huchagui mwenyewe pa kupandia.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Jirani yangu wa Mwanga, aliyepoteza vidole vitatu kwenye mashine ya kupasua mbao, aliitembeza barua yake kwa miezi miwili. Alianza ofisi ya mtaa, akaenda kata, akaenda kwa mkuu wa wilaya, akamalizia kwa mbunge. Kote alikaribishwa kiti. Kote aliambiwa "tutalifuatilia". Kati ya ofisi hizo nne hapakuwa na hata moja yenye mamlaka ya kugusa tarakimu iliyoandikwa kwenye ile barua. Simlaumu. Sisi tumezoea kwamba mwenye shida anakwenda kwa mkubwa, na mkubwa tunayemjua ni yule mwenye bendera kwenye gari.

Kuna maneno matatu ambayo mitaani huchanganywa na ofisini hayachanganywi. Malalamiko ni kusema hujatendewa vizuri: barua imechelewa, karani amekujibu ovyo, faili halionekani. Unaweza kulalamika popote, na yeyote anaweza kukusikiliza. Mapitio ni kumwomba yuleyule aliyeamua atazame tena uamuzi wake, kwa kuwa kuna kitu hakukiona au alikisoma vibaya. Rufaa ni kwenda juu yake. Mapitio na rufaa ndiyo yenye nguvu ya kubadilisha uamuzi, na yote mawili huwa na siku zake za mwisho. Malalamiko hayasimamishi siku hizo. Unaweza kuwa unakunywa chai nzuri kwenye ofisi ya mheshimiwa huku muda wako wa kukata rufaa unayeyuka.

Sasa, mlango upi? Tatizo ni kwamba kwetu Tanzania Bara hakuna kitu kimoja kiitwacho mafao ya ulemavu. Hakuna pensheni ya serikali inayomfikia mtu kwa sababu tu ana ulemavu. (Akija mtu nyumbani na kukuambia atakushughulikia "pensheni ya walemavu" kwa elfu hamsini ya fomu, mwonyeshe njia ya kutokea.) Kuna mifuko na mipango kadhaa, kila mmoja na sheria yake, na kila mmoja unaupima ulemavu kwa kipimo chake. Kwa hiyo kabla hujauliza rufaa inapelekwa wapi, tazama kichwa cha barua uliyoandikiwa. Nembo ya nani? Ameisaini nani, kwa niaba ya nani? Rufaa humfuata aliyeamua, haimfuati aliye karibu na nyumbani kwako.

Barua ikiwa na nembo ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, jambo lako ni la kuumia au kuugua kutokana na kazi. Mfuko huu umetokana na sheria ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako, na pengine ndiyo sababu wafanyakazi wengi hawajui kama wamo. Hapa nitakaa kidogo, maana huku ndiko kwenye mabishano mengi.

Uamuzi wa fidia huwa ni maswali matatu ndani ya moja. La kwanza, je, umeumia kazini kweli, au ugonjwa wako umetokana na kazi? La pili, ulemavu huu ni wa muda au wa kudumu? La tatu, kama ni wa kudumu, ni asilimia ngapi? Mtu anaandika "sikubaliani na uamuzi" bila kusema swali lipi limejibiwa vibaya, na barua yake inarudi na jibu lilelile. Ukipinga la kwanza, ushahidi wako ni wa kazini: nani alikuwepo, taarifa ya ajali ilipelekwa lini, ulikuwa zamu gani, daftari la mahudhurio linasema nini. Ukipinga la pili au la tatu, mashahidi wa kazini hawakusaidii kitu. Hapo anayetakiwa kusema ni daktari.

Na hiyo asilimia si jambo dogo. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, mara moja basi. Ukizidi hapo, unaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Tofauti kati ya 28 na 32 kwenye karatasi ni tarakimu, nyumbani ni ada ya watoto kwa miaka. Kwa hiyo anayepinga asilimia atafute ripoti ya daktari inayoeleza kiungo kinafanya nini na hakifanyi nini: mkono unakunja ngumi au haukunji, unabeba uzito gani, maumivu yanaamka wakati gani. "Mgonjwa anaumwa mkono" haimsaidii mtu. Tazama pia tarehe ya tathmini. Ulemavu wa kudumu hupimwa matibabu yakiwa yamefika mahali ambapo hali haitarajiwi kubadilika sana, kwa hiyo kama ulipimwa kidonda kikiwa bado kinafungwa bandeji, hiyo peke yake ni hoja ya kuandika.

Ngazi zenyewe huko WCF zinaanzia kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, kwa ombi la mapitio. Juu yake yupo waziri mwenye dhamana ya kazi, na juu ya waziri ipo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Usiruke ngazi. Mahakama itakuuliza swali moja tu la kwanza: ulipita kule chini?

Nembo ikiwa ya NSSF au PSSSF, yaani mifuko ya hifadhi ya jamii, hadithi ni nyingine. Hawa hawaulizi umeumia wapi, hata kama ulianguka kutoka kwenye mwembe siku ya Jumapili. Wanauliza kama bado unaweza kufanya kazi ya kukupatia kipato, na kama michango yako inatosha. NSSF ni wa sekta binafsi zaidi, PSSSF ni wa watumishi wa umma na ulizaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. NSSF wanataka uwe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na jopo la madaktari ndilo linalosema hivyo. Mtu aliyekatwa kidole kimoja anaweza kupata kitu WCF na asipate chochote NSSF, na hapo hakuna aliyekosea.

Uzoefu wangu wa kuwasomea watu barua hizi ni kwamba nusu ya ugomvi wa NSSF na PSSSF hauhusu mwili kabisa. Unahusu michango. Mwajiri alikata, hakupeleka, au alipeleka kwa namba isiyo yako, au jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na la kwenye mfuko. Ukikuta barua inasema "hujatimiza masharti ya uchangiaji", usikimbilie kwa daktari. Chukua taarifa ya michango yako, ilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi, kisha nenda kwa afisa utumishi wako ukiwa na miezi iliyopotea umeizungushia kalamu nyekundu. Hilo linamalizwa na karatasi. Barua ya kupinga unaiandika kwa Mkurugenzi Mkuu, unaikabidhi ofisi ya mkoa. NSSF wapo Kigoma mjini, huna haja ya kusafiri kwa kukabidhi bahasha.

Wakikwama hao, aliye juu ni serikali, kupitia wizara inayoshughulikia kazi na hifadhi ya jamii chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Bado kuna watu wanaoelekeza wenzao "nenda SSRA", ile mamlaka iliyokuwa ikisimamia mifuko hii. Mamlaka hiyo ilishafutwa, na kazi zake zikahamia huko huko kwa Waziri Mkuu. Maelekezo hayo yamechacha.

Kuna mlango mmoja unaobishwa sana kwa makosa, nao ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. CMA si ngazi ya rufaa ya mafao. Inashughulika na mgogoro wako na mwajiri. Lakini usiipuuze, kwa sababu mara nyingi mtu akiumia anapata mapigo mawili kwa pamoja: mfuko umempa asilimia ndogo, na mwajiri amemwachisha kazi kwa kuwa "hawezi tena". La mfuko linakwenda mfuko. La kuachishwa linakwenda CMA, na kule siku ni 30 tu tangu kuachishwa. Nimeona mtu akisubiri WCF wamjibu kwanza ndipo aende CMA. Alipofika alihitaji kuanza kuomba kuongezewa muda, na kuongezewa muda ni kesi juu ya kesi.

Ya TASAF, ule mpango wa ruzuku kwa kaya maskini, ni njia fupi: kama kaya imeondolewa kwenye mpango au mtu mwenye ulemavu ndani ya kaya hakuandikwa, unaanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa na kamati ya jamii, kisha mratibu wa TASAF halmashauri. Na ule mgao wa asilimia mbili kwa watu wenye ulemavu, katika ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ni mkopo, si mafao. Ukikataliwa muone afisa maendeleo ya jamii akueleze andiko lenu lilipungukiwa nini.

Turudi kwenye barua, maana barua ndiyo rufaa yenyewe. Iandike kwa Kiswahili bila aibu. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo ofisi haiwezi kukufanya ujione mdogo kwa hilo. Juu weka Kumb. Na. ya barua unayoijibu, ileile, nukta kwa nukta, kwa sababu karani atatafuta faili kwa namba, hatalitafuta kwa machozi. Kwenye YAH: usiandike "Kuomba msaada". Hukuomba msaada. Andika "Kuomba mapitio ya uamuzi wa tarehe fulani", kisha aya ya kwanza itaje kitu gani unakipinga na aya ya pili itaje kwa nini. Habari za umaskini wa nyumbani ni za kweli, ila haziongezi asilimia. Kama barua ya kukataliwa haikutoa sababu, barua yako ya kwanza iombe sababu kwa maandishi, na itaje kwamba unakusudia kukata rufaa. Kama haikutaja siku za mwisho, uliza siku hiyohiyo, na wakati unasubiri jibu fanya kama zimebaki chache.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na wewe unaondoka nayo. Wakikuambia "acha tu, tutakupigia", kaa kwenye benchi mpaka muhuri upatikane. Usitoe cheti halisi wala picha halisi za eksirei. Toa vivuli, halisi waonyeshe.

Asiyeweza kuandika au kusafiri anaweza kutuma mtu kwa barua ya idhini iliyogongwa muhuri wa mtendaji. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana wajibu kwa watu wenye ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati kuanzia kijijini. Hazibadilishi uamuzi wa mfuko, lakini barua yao ya utambulisho hufungua milango iliyogoma. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hawatakiwi kukutoza. Vyama navyo vina watu waliokwisha kupita njia hii: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, na shirikisho lao SHIVYAWATA. Kiziwi anayeitwa kwenye jopo la madaktari aandike mapema kwamba anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Nimeona jopo likiandika "mgonjwa hakutoa ushirikiano" wakati mgonjwa hakusikia swali.

Jambo likifika mahakamani, Kigoma sasa ina kanda yake ya Mahakama Kuu. Zamani mashauri yetu ya ngazi hiyo yalifuatwa Tabora, na wazee wanakumbuka usiku wa treni wakiwa na faili chini ya shati.

Yule jirani yangu wa vidole vitatu tulikaa naye jioni moja tukaandika upya. Ukurasa mmoja, swali la tatu peke yake, na ripoti ya daktari inayosema mkono ule haushiki randa. Mara ya mwisho nilipopita kwake alikuwa ameitwa kufanyiwa tathmini nyingine. Nakala yenye muhuri ameifungia kwenye bahasha ya kaki, ameiweka juu ya kabati, na watoto wamekatazwa kuigusa.