Kuruka Mlo Ili Kupunguza Uzito: Maswali ya Wagonjwa wa Kisukari

Kalori ni nini?
Ni kipimo cha nguvu ambazo mwili hupata kutoka kwa chakula na vinywaji. Zikizidi zile unazotumia, ziada huhifadhiwa kama mafuta.

Nikishinda njaa, si nitapungua haraka?
Wengi tunaowahudumia hapa Kisumu hushinda na kikombe cha chai, kisha usiku hula ugali wa watu wawili na samaki wa kukaangwa, wakasahau kwamba kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Uzito hausogei.

Nina kisukari. Je, naweza kumeza dawa na kuruka mlo?
Hapana. Ikiwa unatumia glibenklamaidi au insulini, nasema tena hapana. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala, na ikipungua chini ya milimoli 4 kwa lita unaweza kuanza kutetemeka, kutokwa na jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Tunaletewa wagonjwa kwa bodaboda, leso imelowa jasho, wameshikiliwa wasianguke, na jamaa wanaeleza kwamba walidhani ni malaria, au ulevi, kwa hiyo wakasubiri. Tafadhali msisubiri.

Tufanye nini kabla ya kufika hospitalini?
Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, urudie baada ya dakika 15 ikiwa hajapata nafuu, kisha ale. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini. Hata aliyezinduka apelekwe, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena.

Basi siku ya kufunga kwa maombi niache dawa?
Usiache dawa kwa uamuzi wako, wala usiimeze ukafunga. Njoo kliniki kabla ya siku hiyo, si baada yake, ili dozi na saa za kula zipangwe.

Nitapunguzaje uzito, basi?
Kula kwa saa zilezile kila siku. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki au osuga, robo iwe ugali, na robo iliyobaki omena au maharagwe, bila mafuta mengi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Soda weka nyumbani kwa ajili ya sukari inaposhuka. Mezani tumia maji.